Fatiha ya Kunyamaza

Kazi yangu ni kusoma vifo. Watu wakinitambulisha mbele ya wageni hunipamba, "huyu ni mtangazaji wetu," kana kwamba nasoma habari za dunia. Habari za dunia husomwa na vijana wenye sauti za kujidai. Mimi kila siku saa saba mchana, watu wakishatoka adhuhuri, huketi mbele ya maiki ya redio yetu ndogo hapa Amu, mji wa Lamu, nikasoma tanzia. Fulani bin fulani amefariki, ni ndugu yake fulani, maziko ni baada ya alasiri, msikiti fulani, jamaa wa Pate, wa Siyu, wa Faza na wa Kiwayu wapate habari. Nimefanya hivyo miaka mingi hata nikigonga mlango wa mtu kuomba chumvi, mwenye nyumba hushika kifua kwanza akauliza, "Nani?"

Huku kwetu kuna mzaha kwamba mtu hafi mpaka asomwe. Yuko mzee mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akipita chini ya dirisha la studio akinipigia kelele, "Bi, yeo bado huyanisoma?" Nami nikimjibu kwamba leo zamu yake haijafika, ende akale. Tulikuwa tukicheka. Sasa mzaha ule siupendi.

Shoga yangu, ambaye kwa ajili yake naandika haya, ni mtu wa Pate kama mimi. Tulizaliwa mtaa mmoja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani kwa mwalimu mmoja mkali, na tuliposwa Amu sote wawili ndani ya mwaka mmoja, boti iliyotupeleka kutoka gati ya Mtangawanda ilikuwa ile ile, yeye akiwa mwali, mimi nikimfuata baada ya miezi. Mimi mume wangu alinipa talaka na nyumba, Mungu amlipe kwa vyote viwili. Nyumba hiyo inatazamana na ya shoga yangu. Kichochoro ni chembamba, na madirisha yetu ya juu yamekaribiana kiasi cha kupokezana bakuli la mchuzi bila kushuka. Yeye aliubakisha ulimi wa kwao mzima mzima. Wangu umeharibiwa na redio.

Mumewe alikuwa mzamiaji wa kamba mawe. Alikuwa akienda Kiwayu wiki mbili, anarudi, anakaa siku tano anamchokoza mkewe na kunichokoza mimi, kisha anaondoka tena. Mtu mpole, mwenye miguu mikubwa, aliyependa kula wali wa jana. Walikuwa hawajajaaliwa watoto, na wakipendana kwa namna ambayo sisi wengine tulikuwa tukiionea haya. Mtu mzima na ndevu zake anamchania mkewe nywele dirishani! Nilikuwa nikiwafungia dirisha makusudi wasikie linavyogonga.

Mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, siku za mwanzo, aliondoka kama kawaida. Wiki mbili zikapita, ikaja ya tatu. Simu yake haikushika. Na wenzake wawili aliokuwa nao kwenye boti nao kimya.

Watu wakaanza kusema wanavyosema. Kuna waliosema wamekamatwa maji ya nchi nyingine, wamefungwa, watarudi kama walivyorudi wale wa mwaka juzi. Shoga yangu akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Wale walikaa jela miezi saba wakarudi wamekonda, lakini walirudi.

Nami nilikuwa nikiamini hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja mkuu wetu wa redio aliponiita chumbani kwake akafunga mlango. Yeye ni mwanamume mwoga lakini si mbaya. Alinipa simu yake nitazame picha. Ulikuwa waraka wa serikali, umepigwa muhuri wa siri, mtu fulani wa ofisi fulani ameupiga picha akautoa nje. Sikupata kujua ni nani, wala sitaki kujua. Ulisema kwamba alfajiri ya siku fulani, boti ya wavuvi watatu ilipita mahali ambapo operesheni ya askari ilikuwa ikiendelea, ikadhaniwa ni ya watu wanaotafutwa, ikashambuliwa. Wote watatu wamefariki. Wamezikwa siku ile ile bara, na mahali penyewe pameandikwa kwa herufi na tarakimu ambazo hakuna mtu wa huku angejua ni wapi. Chini yake majina matatu kamili, na majina ya baba zao. La tatu lilikuwa lake.

Nilirudia kulisoma kama ninavyorudia tanzia kabla ya kwenda hewani, nisije nikatamka vibaya. Nikasema, "Yeo saa saba nitawasoma." Mkuu akasema, "Ngoja. Tumeitwa."

Tuliitwa ofisi ya serikali siku ile ile, yeye na mimi na waandishi wawili wa magazeti ya bara, kwa sababu wao pia picha ile ilikuwa imewafikia. Ofisi ilikuwa na feni inayolia. Bwana mkubwa aliyetupokea alikuwa mtu wa bara, kijana kuliko nilivyotarajia, mwenye adabu. Alituwekea chai ya maziwa na mahamri yaliyopoa. Hakutupigia kelele hata kidogo, na afadhali angetupigia, maana sisi watu wa Amu mtu akitupigia kelele tunajua la kufanya.

"Mimi siwalazimishi," alisema. "Hii ni ombi tu. Hii karatasi haikufaa kutoka. Kuna watu wetu bado wako huko msituni, na hii kitu ikitangazwa sasa, wale tunaowatafuta watajua tuko wapi. Watu wengine watakufa. Tunawaomba mnyamaze kwa muda."

Mwandishi mmoja akauliza muda gani. Akasema atatuambia. Mwandishi wa pili akauliza kama ni amri ya mahakama. Akasema hapana, ni ombi, tena ombi kwa watu wazalendo.

Mimi nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua. Nilitaka kuuliza, na wake zao je? Wake zao waambiwe kimya kimya, japo redio isiseme? Swali lenyewe ni la maneno manne au matano. Bwana mkubwa akaniona, akanisogezea sahani, "Mama, hujakula, chukua hata moja." Nikachukua hamri. Nikasema asante. Basi.

Halafu likafanyika jambo ambalo nimelifikiria kuliko hata waraka wenyewe. Mkuu wetu, kwa woga au kwa heshima, akainua mikono akasema, "Basi, kwa kuwa tumekubaliana, tusome Fatiha." Sisi huku Fatiha ikishasomwa juu ya jambo, limefungwa. Posa husomewa Fatiha. Ugomvi wa shamba ukisuluhishwa husomewa Fatiha, na mtu akiivunja baadaye hata watoto wake hunyooshewa kidole. Tukainua mikono, nami nikainua yangu. Bwana mkubwa akafumba macho akashikanisha vidole kama wanavyofanya Wakristo, na tulipopangusa nyuso akasema "Amina" kwa sauti kubwa kutushinda sote.

Nikarudi studio. Saa saba nikasoma vifo viwili, bibi wa Shela na mzee wa Matondoni. Nikafunga maiki.

Nilipofika kwangu shoga yangu alikuwa dirishani ananingoja, redio ndogo iko juu ya kizingiti. Akaniambia, na uso wake umechangamka, "Mwenzangu, mimi sasa sisikizi maneno ya watu. Nakusikiza wewe. Kula siku ikipita huyamsoma, nasema alhamdulillahi, yu hai."

Kuanzia siku ile hivyo ndivyo tulivyoishi. Niliposoma, alisikiliza nisije nikalitaja jina la mumewe. Nilipomaliza jina la mwisho, alifunga redio akaenda kupika. Akanunua jozi ya kanga, moja akanipa mimi, akasema ni zawadi ya sauti yangu. Nilijaribu kujiambia kila aina ya neno. Kwamba waraka huenda ni wa uongo. Kwamba kuna wana wa watu msituni huko na mama zao nao wanangoja, nami sitaki damu yao shingoni. Kwamba nimesoma Fatiha. Lakini hapa naandika peke yangu na sina wa kumdanganya: niliogopa uso wake. Kuisomea maiki kifo cha mtu ni rahisi, maiki haikutazami.

Mara mbili nilimwendea mkuu nikamwambia tumuulize bwana mkubwa kama wake zao waweza kuambiwa. Mara ya kwanza alisema tusiwe na haraka. Mara ya pili alinijibu kwa hasira, "Bi, wewe ulisoma au hukusoma?" Nikamwambia Fatiha nilisoma. "Basi tuliza roho," akasema. Roho inatulizwa kama paka?

Idi ya kuchinja ikaja. Shoga yangu akashona kanzu ya mumewe, akaipiga pasi, akaitundika. Siku ya pili ya Idi alinipitishia dirishani bakuli la wali wa jana, akasema amezoea kuubakisha, hajui kuacha.

Baada ya Idi mpwa wangu aliolewa. Siku ya kutiwa hina wanawake walijaa nyumbani kwangu, na shoga yangu akaja amevaa vizuri, amejifukiza udi, amepaka wanja. Alikuwa amepungua, lakini alikuwa mzuri. Akakaa mbele yangu kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akasema, "Nitia na mimi. Nitia nyekundu ya sawasawa, si ile yako ya kubania. Mtu wangu akirudi asinikute kama mjane."

Wenzetu wakacheka, wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na kibakuli cha hina mkononi.

Kwa wasiojua mila zetu, mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi. Hatii hina, hapaki wanja, hajifukizi, haendi harusini. Si adhabu. Ni heshima ya mwisho ambayo mke humpa mume, na kwa mke mwenyewe ni pahali pa kuwekea huzuni yake, watu wakijua na wakimwachia. Na nilijua mimi peke yangu, katika ukumbi ule mzima, kwamba mwanamke huyu yumo ndani ya eda sasa hivi. Kwamba kila kitu alichokuwa nacho mwilini siku ile kilikuwa haramu juu yake, naye hajui.

Nikaushika mguu wake wa kulia. Nikaanza na kucha za vidole. Hina ikanivuka ukingo wa ukucha, akaniambia, "Umezeeka, mwenzangu." Kisha akainama karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini wengine wasisikie, "Wewe ungejua neno, ungenambia. Sivyo?"

Nikasema, "Ningekwambia."

Hakuniapisha. Angeniapisha wallahi nisingeweza, ningesema yote pale pale, harusi ingeharibika na mimi ningepona. Lakini hakuniapisha, kwa nini aniapishe? Akanipa na mguu wa kushoto. Nikamtia mpaka kwenye visigino, na hina ilishika vizuri kuliko ya bi harusi.

Wanasema kimya kingi kina mshindo. Mshindo wa kimya chetu ulikuja mfungo sita, siku za Maulidi, Amu imejaa wageni hata punda hawana pa kupita. Nilikuwa nimefika studio asubuhi nikamkuta mkuu amesimama mlangoni. Akasema bwana mkubwa amepiga simu, ombi limeondolewa. Operesheni imekwisha, jioni watatoa taarifa wenyewe, nasi tukitaka tunaweza kusema sasa. Mkuu alikuwa amemwambia kwamba tumeshukuru, kwamba sisi tuliitunza ile Fatiha. Na yule bwana, kwa nia njema kabisa, akamuuliza, "Fatiha gani?" Alifikiri siku ile tulikuwa tunafunga mkutano kwa maombi. Ndiyo kawaida yao huko ofisini.

Nilicheka. Nilicheka mpaka mkuu akaniletea maji. Kisha nikamwambia saa saba nitasoma, lakini kwanza niache niende.

Nilipanda ngazi za nyumba yake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, maana sisi desturi yetu ilikuwa dirisha. Alikuwa ameketi sakafuni anachambua mchele. Aliponiona mlangoni, na saa ile, hakuuliza "nani?" Aliuweka ungo chini polepole.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, maneno yalitoka kama tanzia, fulani bin fulani, na sikuweza kuyatoa kwa namna nyingine.

Hakulia. Aliuliza, "Lini?"

"Siku ya nne ya mfungo pili."

Akaita kwa sauti kubwa chini ya ngazi, na mjomba wake, mzee anayesomesha madrasa na anayekaa chumba cha chini, akapanda akitweta. Akamwambia, "Mjomba, mume wangu amekufa. Nambia nianze vipi. Nataka kukaa eda. Nataka nguo." Mzee akakaa, akasema inna lillahi, akamshika kichwa. Halafu akauliza siku, kama ilivyombidi. Nikamtajia mimi. Akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, kisha akahesabu tena, naona alitumai amekosea.

"Mwanangu," akasema, "eda ni tangu kufa, si tangu kusikia. Yako imekwisha. Imekwisha Ijumaa iliyopita."

"Imekwisha vipi? Mimi siyaikaa."

"Imepita. Huna dhambi, hukujua. Huna eda juu yako tena." Kisha, kwa sababu ni mwalimu na lazima amalize somo, akaongeza kwa sauti ndogo, "Hata ukitaka kuolewa, uko huru."

Mzee wa watu alisema haki ya sheria, simlaumu. Lakini sijaona mtu akipigwa kama shoga yangu alivyopigwa na neno lile. Akageuka kunitazama. Nilidhani ataniuliza nilijua tangu lini. Hakuniuliza hilo. Alitazama miguu yake, pale kwenye kucha. Hina ya ngozi ilikuwa imekwisha zamani, lakini ya kucha haitoki upesi, hukua nayo. Kwenye kidole gumba ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, nyekundu bado, nyekundu ya sawasawa.

"Siku ile," akasema. "Ulikuwa wajua."

"Nilikuwa najua."

"Unishishie mguu, ukanishika mguu wangu, huku wajua."

Nikamwambia habari yote, ofisi, waraka, ombi. Nikamwambia tuliambiwa watu wengine watakufa. Nikamwambia, na hapa najuta kwamba nilijitetea, "Nilikuwa nimesoma Fatiha."

"Na mimi je?" akasema. "Na mtu wangu? Yeye nani alimsomea?"

Ni kweli, miezi minne na siku kadha mtu yule amelala kwenye mchanga wa bara, na hakuna aliyesema jina lake kwa sauti, hapakusomwa khitma, hapakuswaliwa ghaibu, ile sala ya maiti aliye mbali, na Fatiha ya pekee iliyosomwa kwa ajili yake ilikuwa ya kumnyamazia.

Akainuka akaenda kwenye sanduku lake akatoa wembe. Mjomba akashtuka, akasimama. Yeye akamwambia, "Keti, mjomba, sina wazimu." Akakaa mkekani, akaukunja mguu wa kulia, akaanza kuparua ukucha. Alikuwa akiparua taratibu, unga mwekundu ukidondoka kwenye mkeka. Alipofika kwenye nyama hakuacha. Damu ikatoka kidogo, na mtu asingejua ipi damu ipi hina.

Nilipiga magoti. Nikanyoosha mkono nimshike mguu, kama nilivyomshika siku ile, nimwondolee mwenyewe kwa upole hina niliyomtia kwa mkono wangu. Nilitaka anipe hilo tu.

Akauvuta mguu, akaufunika kwa kanga. Ilikuwa kanga ya pili ya jozi ile aliyonigawia mimi, zawadi ya sauti yangu.

"Nenda," akasema. "Saa saba yakaribia. Nenda kamsome."

Nikashuka ngazi. Nikapita katikati ya watu wa Maulidi, nikafika studio, nikaketi mbele ya maiki. Nikasoma majina matatu na majina ya baba zao. Nilipofika mahali pa kusema maziko ni saa ngapi na msikiti gani, karatasi ilikuwa tupu, nikakaa kimya hewani, sijui kwa muda gani. Na kule kwake, ng'ambo ya kichochoro chetu, kama walivyonambia majirani baadaye, redio yake ilikuwa imefungwa.